Marejeo ni Ngamani

Jahazi halina mahali pengi pa kwenda. Nyuma ni tezi, anapokaa mshika usukani. Mbele ni omo, panapopasua mawimbi na kulowa kabla ya pengine popote. Chini tumboni ni ngama, ambamo maji yote yanayopenya baina ya mbao hukusanyika, na ambamo baharia huteremka kuyafua na kuyamwaga baharini. Hakuna chombo cha mbao kisichoingiza maji, hata kikikalafatiwa vipi. Wazee wa pwani waliokwenda na kusi na kurudi na kaskazi walilijua hilo kwa mikono yao, wakatuachia methali: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Husemwa kwa kijana anayeondoka, na mara nyingi kwa sauti ya onyo. Tembea upendavyo, ona dunia, jivune ukitaka, lakini utarudi tu. Hukaa jirani na ile isemayo mkataa kwao ni mtumwa, na zote mbili hutolewa mwana anapoanza kuzungumza kwa lafudhi ngeni au kuona haya ya nyumba aliyozaliwa. Anayetaka kuiona methali hii ikitimia, amtazame Profesa Ali Mazrui. Alizaliwa Mombasa mwaka 1933, akasoma Manchester, Columbia na Oxford, akafundisha Makerere, Michigan na Binghamton. Alipofariki Marekani Oktoba 2014, mwili wake uliletwa Mombasa ukazikwa katika makaburi ya ukoo wake, karibu na Fort Jesus. Alikwenda tezi na omo kuliko wengi wetu, na marejeo yake yakawa pale pale.

Onyo hilo ni la kweli, ila limeangalia upande mmoja. Tumezoea kuisoma methali kama maneno anayoambiwa mwana. Mimi naisikia ikimsemesha mzazi, tena kwa ukali zaidi. Ikiwa kurudi ni lazima, basi kuna mtu mwenye wajibu wa kuhakikisha kwamba huko anakorudi kunakalika. Ngama isiyofuliwa maji hailazi mtu. Mwana anaweza kuwa na kwao na bado akakosa pa kurejea.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipita. Methali hii haina pwani. Tezi, omo na ngama vyote vimo katika chombo kimoja, na huyo mwendaji hakushuka hata mara moja. Wanaodhani kwamba mwana aliyepanda ndege ametoka, kwamba amekwisha kuwa wa Wazungu, wameikosea methali. Yuko omoni tu. Anapigwa na rasharasha ambazo sisi tulioko chini hatuzioni, lakini chombo ni kile kile, na yakijaa maji hatazama mmoja peke yake.

Nalisema hili kwa kuwa kila mwaka sasa wako vijana wetu wanaokwenda vyuo ambavyo zamani tulivisoma katika vitabu tu. Kuna mradi wa KenSAP ulioanzishwa mwaka 2004 na mwandishi wa habari John Manners pamoja na Mike Boit, mwanariadha aliyeshinda shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya 1972. Umewapeleka vijana wengi wa Bonde la Ufa katika vyuo vikubwa vya Marekani. Iko mipango mingine ya benki na mifuko ya hisani. Na vyuo vyenyewe vina fedha. Machi 2025 Harvard ilitangaza kwamba mwanafunzi ambaye familia yake inapata dola 100,000 au chini kwa mwaka hatalipishwa ada, malazi wala chakula. Kwa mama wa Kisauni, Mombasa, anayeuza vitambaa mjini, maana yake ni kwamba halipi kitu. Na hapo ndipo anapoanza kudhani kwamba hana la kutoa. Chuo cha watu kimempokea mwanawe, kinamlisha, kinampa na koti la baridi. Yeye abakie na dua.

Dua ni kitu kikubwa, simdharau anayeomba. Lakini tazama mwana anakutana na nini huko.

Huyu ni mtoto aliyekuwa namba moja tangu darasa la kwanza. Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yalipotoka alibebwa mabegani, kamera zikaja, mwalimu mkuu akalia. Amefika Cambridge, ng'ambo ya mto Charles kutoka Boston, katika chuo cha Harvard kilichoanzishwa mwaka 1636, na wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza wanakula katika ukumbi mmoja, Annenberg, wenye paa la mbao lililo juu kama la kanisa. Anakaa na sahani yake. Kulia kwake ni namba moja wa mji fulani wa Uchina, kushoto ni namba moja wa Brazili, na wa mbele amesoma shule ambayo hesabu za mwaka huu aliziona miaka miwili iliyopita. Tangu azaliwe hajawahi kuwa wa katikati, na hakuna aliyemfundisha namna ya kuwa wa katikati. Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha Januari 2023 kutangaza wanafunzi na shule zilizoongoza, na mimi naona lilifanya vyema, kwa sababu mtoto aliyepewa namba badala ya jina hupata tabu kubwa siku namba inapoondoka.

Oktoba inafika, mtihani wa kwanza wa hesabu unarudi, ana 54. Anajifungia. Usiku wa manane, saa sita, anashika simu.

Saa sita ya usiku ya Cambridge mwezi Oktoba ni saa moja ya asubuhi Kisauni. Mama yumo matatuni, gari limejaa, redio iko juu. Simu inalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hujalala?"

"Hakuna kitu. Nilitaka kukusikia tu."

Mama mwenye haraka angesema haya basi, lala, Mungu akulinde, nitakupigia jioni. Huyu anamwambia makanga amshushe, anateremka Kongowea kabla ya daraja la Nyali, anasimama kando ya magunia ya vitunguu na mkono mmoja amejiziba sikio. "Nimeshuka garini. Nipo. Sema." Kimya kirefu, halafu: "Mama, nadhani hawa watu walinichukua kwa makosa."

Hapo mama hana analolijua. Hakusoma hesabu hizo. Anachoweza kusema ni, "Mimi siijui hesabu yenyewe, lakini nieleze ilikuwaje." Na mwana anaeleza, kwa dakika ishirini, swali moja baada ya jingine, na anapoeleza anajikuta anaona mwenyewe mahali alipopotea. Mama anafika kazini amechelewa na hakutoa ushauri hata mmoja. Hiyo ndiyo ngama. Haina cheo wala mandhari. Inapokea maji yaliyoingia, na kuna mtu wa kuyafua.

Wazazi wengi wenye mapenzi ya kweli hukosea kwa kupanda juu. Mwana yuko omoni, nao wanamfuata omoni: simu mara tano kwa siku, umeamka, umesoma, nani huyo nyuma yako, mbona kikapu cha nguo kimejaa. Vijana 81 walioruka kutoka Nairobi kwenda New York Septemba 1959, katika ile safari ya kwanza ya ndege aliyoiandaa Tom Mboya, waliwasiliana na kwao kwa barua, na baba alikuwa hana budi kuchagua la kuandika. Simu imetuondolea kuchagua. Ngama haimfuati mtu. Inakaa mahali pake, naye akihitaji hujua pa kuteremkia.

Mzazi wa kwetu amezoea ripoti. Kila muhula karatasi inaletwa nyumbani, nafasi imeandikwa kwa wino, na mzazi anatia sahihi. Marekani sheria ya mwaka 1974 imempa mwanafunzi wa chuo haki juu ya rekodi zake, na kwa kawaida chuo hakimtolei mzazi alama bila idhini ya maandishi ya mwana. Baba anayepiga simu ofisini kudai matokeo anajibiwa kwa upole kwamba amuulize mwanawe. Wengine huona wametukanwa. Mimi naona wamerudishwa mahali panapowafaa: alama atakazozijua ni zile ambazo mwana ameona salama kuzisema. Kama hasemi, tatizo haliko ofisini Cambridge.

Liko pia suala la udaktari. Baba ameshatangaza msikitini kwamba kijana anasomea udaktari Harvard. Lakini huko hakuna shahada ya kwanza ya udaktari. Mtu husoma miaka minne ya kwanza, na masomo makuu huyachagua mwaka wa pili. Udaktari huombwa baadaye, ni miaka mingine minne, na mlango wake ni mwembamba. Kijana anapopiga simu kusema amechagua falsafa, au historia, nyumba nzima hushtuka kana kwamba amebadili dini. Baba ana haki ya kuuliza, tena aulize sana: utaishi vipi, umeona nini humo, mwenzako aliyemaliza yuko wapi. Kuuliza ni sehemu ya kulea. Ila anayeuliza kwa ajili ya kujua na anayeuliza kwa ajili ya yale aliyoyasema msikitini, mwana huwatofautisha kwa neno la kwanza.

Sasa nafika kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, nalo ni siri.

Bibi amefariki Jumanne. Mjukuu ana mitihani ya Desemba. Wazee wanakaa, wanaafikiana: asiambiwe mpaka amalize, atachanganyikiwa. Anazikwa, watu wanatoka matangani, na kila jioni mama anapokea simu na kusema wote hawajambo, bibi amelala. Siku ya nne binamu anaweka picha ya marehemu kwenye WhatsApp, na kijana anaiona akiwa maktabani, peke yake, bila hata wa kumpa pole kwa lugha yake.

Nimelisikia jambo hili katika nyumba nyingi mno, na kila mara wahusika walikuwa na nia njema. Bado nasema ni kosa. Kijana aliyefichwa kifo huelewa mambo mawili. Kwanza, kila "hatujambo" atakayoisikia baada ya hapo itakuwa na shaka. Pili, na hili ndilo baya zaidi, anajifunza kwamba katika familia hii mapenzi ni kufichana. Basi naye atatuficha. Ataficha 54 yake, ataficha kwamba halali, ataficha kwamba wiki mbili hajatoka chumbani, na ataficha kwa ajili yetu, ili tusichanganyikiwe. Kila upande unauambia mwenzake kwamba ngamani ni pakavu, na maji yanapanda.

Aambiwe. Aambiwe na mama au baba kwa sauti, kwa saa ambayo ana rafiki karibu, na aachwe alie. Chuo kina taratibu za kuahirisha mtihani kwa msiba. Hakina taratibu za kumrudishia imani na watu wake.

Fedha nitazisema kwa ufupi. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 anaruhusiwa kufanya kazi chuoni kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, na hicho ndicho kipato chake. Lakini mtaani imeenea kwamba kijana yuko Marekani, na orodha inaanza: karo ya binamu, bati la mjomba, simu ya shemeji. Atatoa, kwa sababu amelelewa vizuri, na atafanya kazi usiku wakati wenzake wanasoma. Kumwambia mjomba kwamba mtoto bado ni mwanafunzi ni kazi ya mzazi. Kijana hawezi kulisema akabaki na heshima yake, mama anaweza.

Kisha iko ile nyumba ambayo mwana amerudi kabla ya wakati. Vyuo hivi humruhusu mwanafunzi kusimamisha masomo kwa muhula au mwaka, kwa maradhi, kwa uchovu wa moyo, au ili afikiri upya, kisha arejee na kumaliza. Wengi wanaofanya hivyo humaliza. Huku kwetu neno linasikika kama kufukuzwa. Hii ndiyo siku methali inadaiwa deni lake. Wazazi walioisema kwa miaka kama tishio, utarudi tu, wamemtayarishia mwana marejeo ya aibu, naye huenda akakaa huko huko akaharibikiwa kuliko kuja kuonwa. Waliofua maji kila siku wana la kufanya. Chumba chake kifagiliwe. Asizungushwe kwa mashangazi. Alale mpaka mchana wiki ya kwanza bila kuulizwa, aende sokoni na mama akitaka, akutane na daktari kama anahitaji daktari, na barua za chuo zenye tarehe za kurejea ziwekwe mahali anapoziona. Jirani atauliza, kwa kuwa ndivyo majirani walivyo, mbona kijana yuko hapa na chuo hakijafungwa. Baba amjibu pale pale barazani, kijana akiwa anasikia: "Yuko kwao, anapumzika. Januari anarudi chuoni, na asiporudi Januari tutapanga mwezi mwingine."