Vita vya Panzi na Makaa ya Ruanda

Tarehe 10 Agosti 2022, marufuku ya Umoja wa Ulaya dhidi ya makaa ya mawe ya Urusi ilianza kazi kikamilifu, ikiwa adhabu kwa kuivamia Ukraine. Kabla ya hapo, karibu nusu ya makaa ambayo Ulaya iliagiza yalitoka Urusi. Mwaka huohuo malori ya makaa ya Mbinga, kusini mwa Tanzania, kutoka maeneo kama kata ya Ruanda ambako mgodi wa Ngaka ulianza kuchimbwa 2011, yalikuwa yakipita Songea, Tunduru na Masasi, mwendo wa zaidi ya kilomita 600 hadi Mtwara. Bandari iliyozoea korosho ikawa inapakia makaa ya kwenda Uholanzi na India. Uamuzi wa Brussels ulikuwa umefika Ruanda, na Ruanda hakuna aliyeulizwa.

Wahenga walituachia methali mbili kuhusu ugomvi wa wengine. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Tumezoea kuitumia kila moja kwa wakati wake, kama vile hazijuani. Vikwazo vya kiuchumi vinazikutanisha, na kutuuliza: katika ugomvi huu, kunguru ni nani, na nyasi ni nani?

Anayeweka vikwazo hulichukulia taifa kama mtu mmoja. Mnyime, ataumia, akiumia, atajirudi. Lakini taifa halina tumbo moja. Likinyimwa, wenye nguvu ndani yake huamua njaa iende kwa nani.

Ukanda wetu ulilishuhudia hilo kwa Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Ian Smith, waziri mkuu wa walowezi, alijitangazia uhuru kutoka Uingereza tarehe 11 Novemba 1965. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaweka vikwazo vya lazima mwaka 1966, na mwaka 1968 likavipanua hadi karibu biashara yote. Kwa miaka kadhaa uchumi ule uliendelea kukua. Viwanda vya ndani vilitengeneza bidhaa zilizokuwa zikiagizwa, walowezi waliolima tumbaku wakageukia mahindi na pamba, mafuta yakapenyezwa kupitia Afrika Kusini na Msumbiji ya Wareno. Mwaka 1971 Marekani yenyewe ilitunga sheria ya kuruhusu ununuzi wa kromi ya Rhodesia, kwa kuwa iliihitaji. Takwimu zilisema uchumi umehimili. Hazikusema kwamba uhimilivu huo ulisimama juu ya ujira duni wa Mwafrika aliyenyimwa sauti.

Sehemu nyingine ya mzigo ilivuka Zambezi. Zambia ilitegemea reli ya kusini, ikalazimika kutafuta njia mpya: bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam mwaka 1968, kisha TAZARA iliyokabidhiwa 1976. Hata hivyo, Oktoba 1978 Rais Kaunda aliifungua tena njia ya kusini, kwa kubanwa. Tanzania, iliyovunja uhusiano na Uingereza Desemba 1965 kwa ajili ya Rhodesia, ilikosa mkopo wa pauni milioni 7.5.

Mtu atasema: kama mzigo unahama tu, vikwazo vina faida gani? Kuhama kwa mzigo peke yake si dhuluma. Mwaka 1965 Tanzania ilijua bei, ikakubali kuilipa. Hiyo ni sadaka. Mfanyakazi wa Salisbury, mji mkuu wa Rhodesia, aliyebebeshwa uhimilivu wa wengine alipata hasara. Kinachotenganisha sadaka na hasara ni hiari.

Kipimo hichohicho kinaihusu faida. Septemba 2022 makaa ya Newcastle, Australia, ambayo bei yake hutumika kama kigezo cha soko la dunia, yalipita dola 400 kwa tani. Kufikia katikati ya 2023 yalikuwa chini ya dola 150. Ruanda haikuwa na mkono katika kupanda huko wala kushuka huko. Mwaka 2016, Serikali ilipopiga marufuku kuagiza makaa kutoka nje ili viwanda vya saruji vitumie ya Ngaka, uamuzi ulikuwa wetu: mbunge aliweza kuuhoji, mwenye kiwanda kuulalamikia, waziri kuulegeza. Ulikuwa na mlango wa kubisha hodi. Neema ya 2022 haikuwa nao.

Kwa hiyo tani na dola hazitoshi kupima maendeleo yanayozaliwa na vikwazo, iwe kwa aliyewekewa au kwa aliyenufaika navyo. Taifa linaweza kuhimili huku watu wake wakizidi kuwa nyasi, na kata inaweza kupata soko la Ulaya bila kupata usemi juu ya ardhi yake. Kama mapato ya makaa yameipa Ruanda nguvu ya kujadili mkataba, kudai barabara na fidia, na kukataa masharti mabaya mnunuzi mwingine ajapo, hayo ni maendeleo. Kama yameiacha ikisubiri vita vingine ili bei ipande, basi huo utajiri ni utegemezi uliobadilisha mteja.