Mtaa Ulio Salama

Barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo ina urefu wa kilometa zipatazo 70. Zamani msafiri aliyekwisha kupita Kunduchi na Tegeta aliona minazi, mikorosho na vijiji vilivyoachana mbali. Leo sivyo. Toka Boko na Bunju, na kuvuka mpaka wa mkoa hadi Mapinga na Kerege, nyumba zafuatana na misingi mipya yachimbwa kila mwezi. Jamaa wengi wa mjini wanajinyima miaka mingi ili wapate kiwanja huko. Na neno la kwanza waulizalo, pengine kabla ya bei, ni hili: Je, mtaa huu ni salama?

Swali hilo ni la haki. Baba na mama wamekabidhiwa watoto ili wawalinde, wala hatumcheki mtu aogopaye wezi. Mwezi wa Januari 2015 hofu ya vijana walioitwa panya road ilienea Dar es Salaam kwa jioni moja tu. Maduka yakafungwa, watu wakakimbilia majumbani. Mwaka 2022 makundi ya namna hiyo yalivamia nyumba za watu, yakajeruhi na hata kuua. Mwenye watoto hawezi kuyasahau mambo hayo. Lakini yatupasa kujiuliza: swali hili twaliuliza namna gani, nasi twamwuliza nani? Maana twaweza kuliuliza vibaya, tukaikosea akili yetu, na tukamkosea jirani pia.

Tuchukue mfano. Baba mmoja anakwenda siku ya Jumamosi kutazama kiwanja. Dalali anampitisha njia nzuri, anamwonyesha kuta ndefu na mageti ya chuma, kisha anamwambia: “Mzee, huku wanakaa watu wenye heshima zao, uswahili hakuna.” Ng’ambo ya barabara kuna vibanda vya udongo, kijiwe cha bodaboda, na mama mmoja akaangaye vitumbua. Baba yule anageuza uso. Amekwisha hukumu: kule ni hatari, huku ni salama. Analipa fedha mwezi wa Septemba, ardhi ikiwa kavu. Masika yanapofika, maji yanaingia hadi sebuleni. Kumbe mama wa vitumbua, aliyezaliwa pale pale, alijua tangu zamani maji hupita wapi, naye angalimwambia bure, kama baba yule angalisimama na kusema, “Shikamoo, mama.”

Huyu aliogopa watu ambao hawakumdhuru, akaliamini bonde lililomdhuru. Wengi wetu tu kama yeye. Twaipima hatari kwa nguo za watu na kwa urefu wa kuta. Hatuitazami njia ya maji, wala barabara kuu ambayo mtoto wa darasa la kwanza ataivuka peke yake kila asubuhi, wala umbali wa zahanati mama akishikwa na uchungu usiku.

Tena usalama si kitu kimoja. Mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa ilileta mafuriko Dar es Salaam. Watu zaidi ya 40 walikufa, na wengi waliokaa katika bonde la Msimbazi walipoteza nyumba zao. Serikali ikawapa waliopatwa na msiba ule viwanja Mabwepande, upande wa Bunju. Kwa habari ya maji, huko kulikuwa salama zaidi. Lakini wengi wao walikuwa wakipata riziki mjini, na sasa walikuwa mbali na mji, mahali palipokuwa bado na huduma chache. Baadhi wakaviuza viwanja au kuviacha, wakarudi bondeni. Walio mbali wakasema, “Tazameni wajinga hawa!” Sisi hatusemi hivyo. Mama aliyerudi Jangwani alishika mizani mkononi: upande mmoja maji ambayo huenda yakaja mwaka huu na huenda yasije, upande wa pili sufuria tupu, ijayo kila jioni. Maji yalirudi, mwezi wa Aprili 2018 na nyakati nyingine. Hata hivyo hatuna haki ya kumhukumu mtu aliyechagua kati ya hatari mbili, hali sisi twachagua kati ya starehe mbili. Basi tusiulize tu kama mahali ni salama. Tuulize: salama na nini? Salama kwa nani? Na ni nani alipaye gharama ya usalama huo?

Hayo ya mwisho yana historia katika nchi yetu. Wakati wa ukoloni mji wa Dar es Salaam uligawanywa mapande matatu, na watu wakayaita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Sababu zilizotajwa zilikuwa nzuri masikioni: afya, usafi na utaratibu. Uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi ili kuitenga Kariakoo na mji wa biashara. Lakini upande mmoja ulipewa barabara, maji na taa kwa ukarimu, na upande wa pili ukapewa kwa kipimo kidogo. Kisha wale waliopunjwa wakaambiwa kwamba mahali pao ni pachafu na pa hatari. Uhuru ulikuja mwaka 1961, na sheria zile zimekwisha. Neno lingali vinywani mwetu. Twasema “uswahilini” kwa dharau, sisi ambao babu zetu walikaa huko, na pengine mama zetu wangali wanakaa huko hata leo.

Kumsingizia mtu mmoja ni dhambi. Kila mtoto wa katekisimu ajua. Je, kuusingizia mtaa mzima si kitu? Tunaposema, “Watu wa kule ni wezi,” tumewasingizia kwa pumzi moja fundi seremala, mwuguzi, bibi aleaye wajukuu yatima, na kijana anayeamka saa kumi usiku kutafuta kazi. Kijana huyo atanyimwa kazi atakapotaja anapokaa, naye hatajua kwamba ni ulimi wetu uliomnyima.

Sasa tuutazame ukuta. Mtu ajenga ukuta mrefu, apanda vipande vya chupa juu yake, afunga geti, aweka mlinzi ambaye hata jina la baba yake halijui. Hatusemi ukuta ni dhambi. Lakini ukuta humficha mwizi kama umfichavyo mwenye nyumba: akisha kuuruka, hakuna jirani amwonaye, na mwenye nyumba akipiga kelele, hakuna amjuaye. Katika mitaa yenye majirani wanaojuana, mgeni haingii mara mbili bila kuulizwa, “Wamtafuta nani?” Utaratibu wa nyumba kumi kumi, ulioanzishwa na TANU miaka ya 1960, ulikuwa na maana hiyo pia: kila nyumba ijulikane kwa jirani zake. Ulinzi shirikishi wa siku hizi wataka jambo lile lile. Walakini, ulinzi wa majirani usigeuke hukumu ya majirani. Umati umpigao mtu hadi kufa kwa neno “mwizi” umekwisha kuuvunja usalama uliodai kuulinda.

Huko huko mwisho wa barabara hiyo, Bagamoyo yatupa fundisho la kale. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni pale mwaka 1868, wakawapokea watumwa waliokombolewa, hata kikawa kijiji kizima. Miaka 20 baadaye, mwaka 1888, Abushiri bin Salim na watu wa pwani waliposimama kupigana na Wajerumani, mji ukawaka moto wa vita. Watu kwa maelfu wakakimbilia misheni, nayo haikuangamizwa. Hatudhani kwamba kuta zake ndizo zilizowalinda. Mahali pale palikuwa pamejulikana muda wa miaka 20 kuwa pa kupokea watu. Usalama wake ulikuwa umejengwa siku za amani, mgonjwa kwa mgonjwa, mgeni kwa mgeni.

Mtu aweza kutujibu: “Maneno mazuri, lakini salamu hazimzuii jambazi mwenye panga.” Ni kweli. Kuna mitaa ambayo taa hazipo, polisi wako mbali, na uovu umezoea. Mjane mwenye mabinti akihama hapo, asione haya; hakuna amri imtakayo ahatarishe watoto ili athibitishe upendo wake. Kazi ya serikali ni kumlinda hata yule asiye na nauli ya kuhama, na ni wajibu wetu kuidai kazi hiyo kwa ajili yake, hata kama sisi tumekwisha kuhama. Tunachokataa ni usalama unaopatikana kwa kumtupia mwenzetu hatari. Mwenye fedha hununua penye bonde, akajaza kifusi, akaziba mfereji kwa ukuta wake. Yeye alala pakavu, na maji yamwingilia jirani wa chini. Mwingine hufunga kichochoro ambacho watoto walipitia kwenda shule, nao sasa hupita kando ya magari. Watu kama hao wameihamisha hatari, hawakuiondoa.

Basi, wazazi wapenzi mnaotafuta mahali pa kujenga, nendeni mkakione kiwanja wakati wa masika, na tena usiku. Pitieni njia ya shule kwa miguu. Onaneni na mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji, mhakikishe mipaka na hati kabla ya kutoa fedha. Waulizeni wazee na akina mama wa gengeni, siyo dalali peke yake, maana dalali ataondoka na hao watabaki kuwa jirani zenu. Na mkisha kuuliza yote hayo, ulizeni la mwisho, ambalo hakuna awezaye kuwajibu: Je, sisi tukihamia hapa, mtaa huu utakuwa salama zaidi, au utapungukiwa?

Wazee wetu walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Katika mtaa mpya, mgeni huyo ni wewe. Taa uliyoiwasha nje ya mlango wako, mfereji ulioacha wazi, jina la mtoto wa jirani ulilojifunza: wenyeji watapona kwa hayo, nawe utalala usingizi.