Je, Asiyejua Kusoma ni Mjinga?

Kuna neno tulilozoea kulitamka pasipo kulipima. Mtu mzima asiyejua kusoma na kuandika tumemwita mjinga, na kazi ya kumfundisha tumeiita kufuta ujinga. Walioanza kulitumia hivyo hawakuwa na nia mbaya, maana katika Kiswahili mjinga si mpumbavu. Mjinga ni yule asiyejua jambo fulani, naye akifundishwa huelewa. Kwa maana hiyo sisi sote tu wajinga wa mambo mengi. Lakini neno hilo limegeuka kuwa tusi. Mtu akisema leo, “Yule mama hakusoma,” mara nyingi hasemi tu kwamba mama huyo hajui herufi. Asema kwamba akili yake ni fupi, na kwamba neno lake kikaoni halina uzito. Twauliza basi: je, hukumu hiyo ni ya haki?

Tuanze na hesabu. Mwaka 1985 wataalamu watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walitangaza uchunguzi walioufanya katika mji wa Recife, nchini Brazil. Waliwaendea watoto watano waliokuwa wakiuza nazi na vyakula vingine sokoni na barabarani, wakawauliza bei kama wanunuzi. Mmoja wao, wa miaka 12, aliulizwa bei ya nazi 10, nazi moja ikiwa cruzeiro 35. Hakuongeza sifuri mwishoni kama walimu wafundishavyo. Alijua kwamba nazi 3 ni 105. Akajumlisha 105 nyingine, ikawa 210. Akaongeza tena 105, ikawa 315. Akamalizia na nazi moja iliyobaki, akafika 350. Katika maswali ya sokoni watoto hao walipata 98 kwa kila 100. Baadaye walipewa karatasi na kalamu, wakaulizwa hesabu za aina hiyohiyo kwa tarakimu tupu. Walipata 37 tu kwa kila 100. Watoto ni walewale na vichwa ni vilevile. Kilichobadilika ni namna ya kuulizwa.

Watu wa namna hiyo tunao hapa kwetu. Nani asiyemjua mama auzaye dagaa, ambaye hajashika kalamu maisha yake yote, lakini hukurudishia chenji yako kabla wewe uliyesoma hujamaliza kuhesabu?

Wengine watajibu kwamba hesabu ni mazoea tu, na kwamba kusoma ndiko kunakomfumbua mtu akili. Jambo hilo nalo limechunguzwa. Nchini Liberia liko kabila la Wavai, wenye maandishi yao wenyewe, yaliyobuniwa katika miaka ya 1830 na mwananchi wao Momolu Duwalu Bukele. Maandishi hayo hayafundishwi shuleni. Mtu humfundisha ndugu yake au rafiki yake, nao huyatumia kuandikiana barua na kutunza hesabu zao. Wavai wengine husoma Kiarabu, wengine Kiingereza cha shule, na wengine hawasomi kabisa. Katika miaka ya 1970 wataalamu wawili wa Marekani, Sylvia Scribner na Michael Cole, walikwenda kuwapima watu wa aina zote hizo, na mwaka 1981 wakatoa kitabu. Waligundua kwamba herufi peke yake hazimfanyi mtu awe na akili kumpita mwenzake. Kila maandishi humpa mtu ustadi wa kazi ile ayafanyiayo: waandikao barua walijua zaidi kumweleza jambo mtu asiyekuwapo, na waliosoma shule walijua zaidi kutoa sababu za majibu yao.

Basi, kama mambo ni hivyo, kwa nini tusiwaache watu wazima kama walivyo? Ikiwa akili wanayo, herufi za nini?

Hapa yatupasa kuwa waangalifu, maana hoja hiyo ina sura ya heshima lakini ndani yake mna uvivu. Tuchukue mfano. Mama anakopa shilingi 100,000 katika ile mikopo ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu. Aambiwa atarudisha shilingi 5,000 kila siku kwa siku 30. Kichwani mwake amekwisha kujua kwamba atalipa 150,000; akili yake imefanya kazi yake sawasawa. Lakini karatasi anayotia kidole gumba ina mistari mingine: faini ya kuchelewa siku moja, na orodha ya vyombo vya nyumbani vitakavyochukuliwa akishindwa. Mistari hiyo hakuna aliyemsomea. Siku ya kuchukuliwa kitanda na cherehani ataambiwa, “Si ulikubali mwenyewe?” Je, alikubali? Mtu hawezi kukubali neno asilolijua. Alama ya kidole chake ni ya kweli, lakini kukubali kwake si kwa kweli.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Dunia yetu imejengwa kwa karatasi, na sasa kwa simu. Hati ya shamba, stakabadhi ya pamba, cheti cha hospitali, ujumbe wa fedha, yote hudai macho yajuayo kusoma. Asiyejua huazima macho ya mwenzake, na mwenye macho akiwa mdanganyifu, aliyeazima hana pa kukimbilia. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza: hata yenye daftari hupotea, ikiwa daftari ni lako lakini msomaji ni mwingine. Tena kuna mambo ya siri, kama barua ya mwana aliye mbali au majibu ya daktari, ambayo haifai mtu mzima ayapate kwa kinywa cha mtoto wa jirani.

Kwa hiyo kumfundisha mtu mzima kusoma si hisani ya mwenye akili kwa asiye na akili. Ni deni la haki. Sisi tuliojenga maisha ya nchi juu ya karatasi tunawiwa nao ambao karatasi hizo zawatawala.

Taifa letu liliwahi kulitambua deni hili. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wanafunzi, makarani na wakulima waliojua kusoma walifundisha wenzao chini ya miembe na katika majengo ya shule saa za jioni. Katika mikoa ya Ziwa vitabu vya kusomea vilihusu pamba, migomba na uvuvi, ili mtu asome kazi aliyoijua tayari. Kwa hesabu za Serikali, kufika mwaka 1986 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa wamebaki wapatao 10 katika kila 100. Lakini sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba zaidi ya mtu mmoja katika kila watano hajui. Tunajua kwamba vipimo viwili visivyofanana havilinganishwi kwa urahisi. Hata hivyo funzo ni wazi: kusoma ni kama jembe, lisipotumika hushika kutu, na kila kizazi kina watu wake walioachwa nje ya mlango wa shule.

Liko pia suala la lugha. Huko Ile-Ife, Nigeria, ulianza mwaka 1970 mpango wa kuwafundisha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya shule ya msingi, na Kiingereza kikifundishwa kama somo. Watoto hao walifanya vizuri zaidi katika masomo yao kuliko wenzao waliohamishiwa Kiingereza baada ya miaka mitatu, na katika Kiingereza chenyewe hawakuachwa nyuma. Sisi twajivunia Kiswahili, na ni haki yetu. Lakini tukumbuke kwamba bibi kizee wa kijijini, aliyehesabu ng'ombe wake kwa Kisukuma au kwa Kigogo tangu utoto, akiingia darasa la ngumbaru hubebeshwa mizigo miwili kwa pamoja: herufi na lugha. Mwalimu mwema atamwacha aeleze kwanza kwa lugha ya mama yake, ndipo amvushe. Kufanya hivyo si kukidharau Kiswahili; ni kukijengea daraja.

Wako wasemao kwamba fedha ni kidogo, na kwamba heri zitumike kwa watoto. Hatukatai kwamba mtoto ana haki yake. Lakini darasa la watu wazima halidai jengo jipya. Ladai chumba kilicho kitupu jioni, ubao, taa, na mtu mmoja ajuaye aliye tayari kutoa saa mbili kwa juma. Na mzazi ajuaye kusoma hulitazama daftari la mwanawe, hata mwana akajua kwamba kazi yake yaangaliwa.

Basi, wasomaji wetu, kila nyumba yenye msomaji ina kazi. Ukiombwa kumsomea mtu karatasi yake, isome yote, hata mistari midogo ya mwisho, wala usimharakishe. Ukiona mzee ashika kalamu kwa mkono unaotetemeka, usicheke, wala usiruhusu wanao wacheke. Ukijua kufundisha, anza na yale ayajuayo: mizani yake, bei zake, lugha yake. Kuuliza si ujinga, walisema wazee. Ujinga ulio hatari zaidi ni wa yule aliyesoma, akadhani kwamba asiyesoma hana la kumfundisha wala haki ya kudai.