Shujaa Akifufuka, Nani Analipa?

Banalia iko kando ya mto Aruwimi, kaskazini mwa Kisangani, kwenye barabara ya Buta. Wababali wa huko walikuwa na jando lao, mambela: wavulana waliingizwa msituni, wakachapwa, wakachanjwa chale, wakaapishwa wasiseme waliyoyaona. Aliyetoka hakuwa tena yule aliyeingia, na ngozi yake ilishuhudia. Kipimo hicho, cha mageuzi yanayoacha alama, kinafaa kuletwa kwenye ubishi wa siku hizi kuhusu filamu za katuni za Kijapani za Dragon Ball: je, shujaa anayekufa na kurudi ana hadithi yoyote, au ni ngumi tupu?

Mchoraji Akira Toriyama alianza kumchora shujaa huyo mwaka 1984. Wanaotazama kwa Kifaransa wanamwita Sangoku. Katika ulimwengu wake, anayekusanya mipira saba humwita joka na kuomba jambo moja, na mara nyingi linaloombwa ni wafu warudi. Filamu za studio ya Toei za kati ya 1989 na 1995 zilizidisha: nyingi hazioani hata na mfululizo wa televisheni. Mji unabomoka, adui anateketea, kisha hakuna anayekumbuka.

Wanaozilaumu wana hoja nzito, na ni hoja ya dini kabla ya kuwa ya sinema. Anayejitoa mhanga akijua kesho atafufuliwa, ametoa nini?

Filamu moja ya 1995 iligusa swali hilo moja kwa moja. Huko ahera, kwa Enma, hakimu wa wafu ambaye asili yake ni Yama wa Wahindi, kijana mlinzi anazembea kwenye mashine ya kusafishia roho. Uovu unamwagika, yeye mwenyewe anageuka jitu Janemba, na wafu wanarudi duniani. Hebu fikiria: marehemu wote mlangoni! Lakini filamu inakimbilia mapigano, Janemba anashindwa, wafu wanatoweka, na walio hai hawajaulizwa lolote.

Hata hivyo, kufufuka si kosa. Wanyanga wa Kivu wanaye Mwindo, aliyezaliwa akitembea, mwenye usinga unaorudisha uhai. Mwaka 1956 mtafiti Daniel Biebuyck aliandika masimulizi ya msimulizi Shé-kárisi Rureke kwa siku 12, na Rureke alisisitiza kwamba hajawahi kuitamba hadithi yote mfululizo; desturi ni kutoa kipande hiki leo, kingine siku nyingine. Kwa hiyo kipande kinachojitegemea si aibu. Mwindo anawafufua watu wa Tubondo, kijiji cha baba yake aliyetaka kumuua, kisha anamsamehe baba huyo. Ingeishia hapo, ingekuwa ushindi mwepesi. Lakini baadaye anamuua zimwi Kirimu, na moshi wa nyama yake unamfikia Nkuba, mwenye radi, aliyekuwa rafiki wa zimwi. Nkuba anampandisha Mwindo mbinguni mwaka mzima, ambako anateswa na baridi, mvua, mwezi na jua, halafu anarudishwa na katazo: asiue tena mnyama yeyote. Mfufuaji mkuu anadaiwa kifo kimoja, cha adui, na deni halifutiki kwa usinga.

Ndiyo maana filamu ya Broly ya 2018, ambayo Toriyama aliiandika mwenyewe, inazishinda za zamani. Katika filamu ya 1993 Broly alimchukia Sangoku kwa sababu tu alimsikia akilia walipokuwa wachanga. Katika ile mpya ni mtoto aliyetupwa na mfalme kwenye sayari kame ya Vampa, akalelewa na baba mkali, Paragus. Frieza, adui wa Sangoku, anamuua baba huyo makusudi ili uchungu wa mwana ugeuke nguvu. Joka linapoitwa, linaombwa limwokoe Broly kwa kumrudisha Vampa. Hakuna anayeomba Paragus arudi. Sangoku anamfuata huko na chakula na nyumba ya kuishi, na Broly anabaki yatima.