Somo la 8: Kujifunza kwa Ndege wa Angani

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 1:20–28, Mwa. 2:1–3, Kum. 22:6, 7, Zab. 104:10–28, Mit. 27:8, Yer. 8:4–7, Mt. 6:25–34, Mt. 10:28–31, Lk. 12:6, 7, 24.

Fungu la Kukariri: Mathayo 6:26. (Darasa lilisome kwa pamoja katika Biblia.)

Miongoni mwa maagizo ambayo Yesu aliwapa wasikilizaji wake mlimani, lipo moja ambalo wengi hulipita kama pambo la hotuba: agizo la kuwaangalia ndege. Watu husoma maneno hayo, hutikisa kichwa kwa kukubali, kisha huendelea na mahangaiko yao bila kuinua macho. Lakini Bwana alisema kwa wakulima, wavuvi na akina mama waliohesabu unga uliobaki, na hakusema waangalie kwa mfano tu. Ndege walikuwapo juu ya vichwa vyao.

Wapo pia juu ya vichwa vya watu wa Nyamiaga, wilayani Ngara. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ina ndege wengi wa ziwani na wa msituni. Hata hivyo, mwanafunzi wa Biblia hahitaji kusafiri ili kulitii agizo la Yesu. Kwera husuka viota karibu na nyumba, yangeyange hufuata ng'ombe malishoni, na mbayuwayu huruka chini chini juu ya migomba mvua inapokaribia. Juma hili somo linauliza: mtu akiwaangalia ndege hao kwa makini, mahali pale pale, Sabato baada ya Sabato, atajifunza nini juu ya Baba aliye mbinguni?

JUMAPILI
Agizo la Kutazama

Soma Mathayo 6:25–34 pamoja na Luka 12:24. Ni mambo gani matatu ambayo watu walikuwa wakiyahangaikia? Yesu aliwaelekeza wapi macho yao?

Neno la Kigiriki lililotumiwa katika Mathayo 6:26 lina maana ya kukaza macho juu ya kitu. Si kutupa jicho njiani na kupita. Na Luka anapomtaja kunguru, analitumia neno lenye maana ya kutafakari, yaani kutazama mpaka jambo lieleweke. Inashangaza kwamba Yesu alimchagua kunguru, ndege ambaye sheria ya Musa ilimhesabu kuwa najisi (Law. 11:15). Hata yeye hula kutoka mkono wa Mungu.

Kutazama kwa namna hiyo kunahitaji muda na kurudia. Huko Nairobi, Fleur Ng'weno alianza mwaka 1971 kuwaongoza watu katika matembezi ya kuangalia ndege kila Jumatano asubuhi, na matembezi hayo yakaendelea mwaka baada ya mwaka. Anayekwenda mara moja huona ndege. Anayekwenda kila juma hujua nani amefika, nani ameondoka, nani anajenga, na nani hajaonekana tangu mvua zilizopita.

Mahangaiko nayo ni aina ya kutazama. Mkulima ambaye mvua imechelewa na maharage yake yananyauka hulala akitazama ghala tupu, na huamka akilitazama tena. Yesu hamwambii kwamba ghala limejaa. Anamwomba ahamishe macho yake kwa kitambo, amwone Yule anayelisha viumbe wasio na ghala kabisa. Shamba litabaki vile vile jioni hiyo, lakini moyo utakuwa umekumbuka kwamba una Baba.

Ni jambo gani ambalo umekuwa ukilikazia macho juma hili? Limekusaidia au limekuchosha?

JUMATATU
Baraka ya Kwanza

Soma Mwanzo 1:20–28 na 2:1–3. Ni nani waliobarikiwa siku ya tano? Siku ya sita? Ni kitu gani kilichobarikiwa siku ya saba?

Baraka ya kwanza iliyoandikwa katika Biblia haikutamkwa juu ya mwanadamu. Ilitamkwa juu ya samaki na ndege. Ya pili ilitamkwa juu ya mwanamume na mwanamke, na ya tatu juu ya Sabato. Kwa hiyo familia inayoketi chini ya mti alasiri ya Sabato ikiwaangalia ndege inakutana na baraka zote tatu za juma la uumbaji mahali pamoja.

Baraka ya ndege ilikuwa waongezeke. Mwanadamu akapewa kuwatawala, na utawala huo Mungu aliuwekea mipaka. Soma Kumbukumbu la Torati 22:6, 7. Mwisraeli aliyekuta kiota njiani hakuruhusiwa kumchukua mama pamoja na makinda. Ilimpasa amwache mama aende, ili kizazi kisikatike.

Korongo taji, yule mwenye manyoya ya dhahabu kichwani ambaye Uganda imemweka katika bendera yake, ni mfano wa baraka iliyozuiwa. Mabonde yenye majimaji anamotagia yamekaushwa, na wengi wamekamatwa wakiwa hai ili wafugwe. Tangu mwaka 2012 amewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Ng'ambo ya Mto Kagera, nchini Rwanda, daktari wa mifugo Olivier Nsengimana na wenzake walianza kuwatafuta korongo waliofungiwa majumbani na hotelini, wakawatibu, na wale walioweza kuruka wakarudishwa porini katika Hifadhi ya Akagera. Mwaka 2017 walihesabiwa korongo 487 katika nchi nzima. Kufikia mwaka 2022 hesabu ilikuwa imepita 1,000. Kazi hiyo isingewezekana bila watu waliokubali kwenda bondeni, kutazama, na kuhesabu.

Kijana wa Kiadventista anaposhika manati, na mkulima anapochoma majani ya bonde, je, baraka ya siku ya tano inawahusu?

JUMANNE
Anayelishwa Hufanya Kazi

Soma Zaburi 104:10–28. Mungu anafanya nini? Viumbe wanafanya nini?

Wengine wamelitumia fundisho la ndege kuhalalisha uvivu. Lakini aliyewahi kumtazama kwera kwa nusu saa hawezi kukubali tafsiri hiyo. Dume huchana majani kuwa nyuzi nyembamba, huzibeba moja moja, na kuzifuma kwa mdomo mpaka kiota kining'inie kwenye tawi. Kisha jike huja kukikagua. Asiporidhika huondoka. Mara nyingi dume hukibomoa kiota kilichokataliwa na kuanza kufuma kingine mahali pale pale.

Mtunga zaburi anasema kwamba Mungu hufumbua mkono wake, na viumbe hukusanya kile anachowapa. Kufumbua ni kwake, kukusanya ni kwao. Yesu hakusema ndege hawafanyi kazi. Alisema hawapandi, hawavuni, wala hawaweki ghalani. Mwanadamu anazo kazi hizo tatu ambazo ndege hana, naye ndiye anayekosa usingizi.

Basi tofauti kati ya kwera na mtu mwenye wasiwasi haiko katika jasho. Wote wawili huamka mapema. Kwera anafuma kiota cha leo kwa majani ya leo. Mtu mwenye wasiwasi anajaribu kuubeba leo mzigo wa kesho, ambao neema yake haijatolewa bado (Mt. 6:34).

Kiota chako kikikataliwa, yaani biashara ikianguka au ombi la kazi likirudishwa, ni nini kitakachokusaidia kuanza tena bila uchungu?

JUMATANO
Mbayuwayu Ajuaye Majira

Soma Yeremia 8:4–7. Nabii anawalinganisha watu wa Mungu na ndege gani? Ndege hao wana ujuzi gani ambao watu wameukosa?

Kuanzia Septemba na Oktoba, mbayuwayu kutoka Ulaya huwasili Afrika Mashariki. Kila mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, nao wamevuka jangwa la Sahara kwa mabawa yao. Ifikapo Machi na Aprili huanza kurudi kaskazini. Anayewaangalia kila juma huona siku moja wamejaa angani, na Sabato inayofuata anga ni tupu. Hawakungoja mpaka chakula kiishe. Wakati ulifika, wakaondoka.

Yeremia aliwaona ndege wa msafara wakipita juu ya nchi ya Yuda, akalia. Viumbe wasio na torati wala hekalu walijua wakati wa kurudi, lakini watu wa agano walikataa kurudi kwa Bwana. Katika fungu la 4 anauliza kama mtu akianguka hainuki tena. Kosa lao kubwa lilikuwa kuendelea kubaki mbali wakati njia ya kurudi ilikuwa wazi.

Waadventista wanaitwa kwa jina hilo kwa sababu wanangojea marejeo ya Bwana. Hata hivyo mtu anaweza kujua unabii wote wa nyakati na asijue kwamba leo ndiyo siku ya kwenda kumwomba ndugu yake msamaha.

Ni kurudi gani ambako umekuwa ukikuahirisha? Nani anakungoja?

ALHAMISI
Shomoro wa Tano

Soma Mathayo 10:28–31 na Luka 12:6, 7. Linganisha bei za mashomoro katika sura hizo mbili.

Katika Mathayo, mashomoro wawili wanauzwa kwa senti moja. Katika Luka, watano wanauzwa kwa senti mbili. Mnunuzi wa wanne aliongezewa wa tano bure. Sokoni ndege huyo hakuwa na bei yoyote. Ndipo Yesu anaposema kwamba hata mmoja wao hasahauliwi na Mungu.

Lakini yafaa kusoma kwa uaminifu. Yesu hakuahidi kwamba shomoro hataanguka. Alisema haanguki pasipo Baba. Maneno hayo waliambiwa wanafunzi waliokuwa wakitumwa kwenye mateso, na baadhi yao waliuawa. Mwangalizi wa ndege hukuta pia kinda lililokufa chini ya mti baada ya mvua ya mawe. Imani isiyo na nafasi kwa kinda hilo haitasimama siku ya msiba.

Ngara inalijua jambo hili. Mwishoni mwa Aprili 1994, mauaji ya kimbari yakiendelea nchini Rwanda, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilayani humo katika muda wa saa 24 hivi. Kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa kwa ghafula, na vilima vilivyoizunguka vilipoteza miti yake kwa kuni na vibanda. Mithali 27:8 inamfananisha mtu aliyeacha mahali pake na ndege aliyetoka kiotani. Dunia iliwaona kama umati. Mbinguni hakuna umati. Kila mtoto aliyeshikwa mkono darajani, na kila aliyezikwa kando ya njia, alijulikana kwa jina lake.

Je, Mungu anawajali walioanguka? Msalaba unajibu. Mwana mwenyewe alianguka chini ya uzito wa dhambi, akazikwa, na Baba hakumsahau kaburini. Kwa sababu Kristo alifufuka, kuanguka kwa wale wake si mwisho wa habari zao.

Kutazama huku kunafundisha pia macho ya kanisa. Aliyezoea kugundua kwamba mbayuwayu wamepungua atakuwa na aibu asipogundua kwamba mjane wa benchi la nyuma hajaja kwa Sabato tatu.

IJUMAA
Mawazo ya Ziada

Darasa linaweza kulitii agizo la Mathayo 6:26 kwa njia rahisi. Chagueni mahali pamoja: ukingo wa bonde, mti mkubwa karibu na kanisa, au njia ielekeayo mtoni. Nendeni alasiri ya Sabato, saa ile ile, mkae kimya kwa nusu saa. Manati na mbwa vibaki nyumbani. Wazee wawafundishe watoto majina ya ndege kwa Kihangaza, maana majina hayo yakisahauliwa ndege nao husahauliwa. Watafuta Njia waandike jioni, Sabato ikiisha, ni ndege gani walionekana. Kabla ya kuondoka, mmoja asome fungu la zaburi, na mwingine aombe kwa ajili ya mtu mmoja ambaye hakuonekana kanisani.

Sabato ilitolewa ili mwanadamu akumbuke kwamba dunia ilikuwa na Mlezi kabla yeye hajashika jembe. Ndege walikuwapo siku moja kabla ya Adamu, nao walikuwa wamekwisha kula.

Maswali ya Kujadili:

1. Kuna tofauti gani kati ya kupanga mambo ya kesho na kuyahangaikia? Toeni mifano kutoka shambani, sokoni na nyumbani.

2. Mtu aliyepoteza mtoto au mazao anauliza, "Kama Mungu hulisha ndege, mbona hakunisaidia mimi?" Mathayo 10:29 inalisaidiaje darasa kumjibu kwa upole, bila kutoa ahadi ambayo Yesu hakuitoa?

3. Ni nani katika mtaa wenu aliye kama shomoro wa tano, asiyehesabiwa na mtu? Darasa litamfanyia nini kabla ya Sabato ijayo?

4. Mabonde na miti ya kijiji ni riziki ya watu na makao ya ndege pia. Mkristo atasemaje kwa hekima katika mkutano wa kijiji mambo hayo yanapojadiliwa?