Utu Mpya Mlangoni pa Filemoni

JUMATANO

Soma Wakolosai 3:8–14 na Filemoni 8–19. Ni mambo gani Paulo anawataka waamini wayavue, na yapi wayavae? Je, Onesimo na Filemoni, kila mmoja, alihitaji kuvaa nini siku walipokutana tena?

__________________________________________

Kolosai ulikuwa mji katika bonde la mto Liko, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Bonde hilo lilijulikana kwa sufu, na Strabo, mwandishi wa jiografia wa zama zile, anaitaja sufu ya Kolosai kuwa iliwaletea wenyeji mapato. Kwa hiyo Paulo alipowaandikia habari za kuvua na kuvaa, walimwelewa. Hasira, matukano na uongo ni nguo za utu wa kale, zimekwisha kuvuliwa. Utu mpya huvaa huruma, wema, unyenyekevu, upole na saburi, na upendo juu ya hayo yote. Kisha mtume anaongeza jambo zito: katika utu huo mpya, tofauti ya mtumwa na mtu huru haina nafasi tena, kwa sababu Kristo yumo ndani ya wote (Wakolosai 3:11).

Ni rahisi kuitikia “Amina” maneno kama hayo yanaposomwa kanisani. Lakini Tikiko, aliyeipeleka barua hiyo, hakusafiri peke yake. Alifuatana na Onesimo (Wakolosai 4:7–9), mtumwa wa Filemoni, ambaye alikuwa ametengana na bwana wake na kisha akampata Kristo kwa njia ya Paulo aliyekuwa kifungoni. Kanisa lilikuwa likikutanika nyumbani kwa Filemoni (Filemoni 2). Hivyo fundisho na mtihani wake vilifika pamoja.

Fikiria hali ya Onesimo. Kwa sheria ya Kirumi mtumwa alihesabiwa kuwa mali. Aliyetoroka angeweza kuchapwa viboko, au hata kupigwa chapa usoni. Onesimo angeweza kubaki kwa Paulo, mahali ambapo watu walimfahamu kama ndugu mpendwa tu. Badala yake alirudi kwa watu waliomfahamu kwa habari zake za zamani. Kumwamini Kristo hakukumfanya aukwepe uso wa yule aliyemkosea. Kulimpa ujasiri wa kuutazama. Jina lake lina maana ya “mwenye kufaa,” na Paulo anakiri kwamba zamani hakufaa, bali sasa anafaa (aya ya 11). Jina lilikuwa lile lile. Aliyebadilika ni mwenye jina.

Lakini mtihani wa Filemoni haukuwa mwepesi zaidi. Yeye hakuwa amekimbia popote. Alikuwa mtu mwenye heshima kanisani, na upendo wake kwa watakatifu ulijulikana (aya ya 5). Sasa aliombwa ampokee Onesimo kama ambavyo angempokea Paulo mwenyewe, si kama mtumwa tena, bali kama ndugu (aya ya 16, 17). Mara nyingi kanisa humtazama kwa makini aliyebatizwa juzi ili lione kama amebadilika kweli. Waraka huu unamgeukia pia mshiriki wa siku nyingi, aliyekosewa, mwenye haki yake mkononi, na kumwuliza: je, wewe umevaa nini?

Na deni je? Paulo halifichi. Hasemi, “Mambo ya kale yamepita, basi tusahau.” Anasema kwamba kama Onesimo anadaiwa chochote, kiandikwe juu yake Paulo, naye anatia ahadi ya kulipa kwa mkono wake mwenyewe (aya ya 18, 19). Anayebatizwa Sabato na Jumatatu akapita mbele ya duka analodaiwa anapaswa kujifunza hapa. Maji ya ubatizo hayafuti daftari la mwenye duka. Utu mpya huingia dukani, husalimia, hukiri deni, na huanza kulipa kidogo kidogo.

Paulo alijifunza wapi kubeba deni la mtu mwingine? Jibu limo katika barua ile ile kwa Wakolosai. Katika 2:14 anaeleza kwamba hati iliyotushitaki iliondolewa na kugongomewa msalabani. Neno la Kiyunani alilotumia lilitumika kwa hati ya deni iliyoandikwa kwa mkono wa mdaiwa. Kristo aliichukua hati yetu. Paulo, akiwa amesamehewa, akaichukua ya Onesimo. Na Filemoni, mdai, akaombwa akumbuke kwamba yeye pia ni mdaiwa (aya ya 19). Hapo ndipo tabia mpya inapoanzia. Hakuna anayeweza kujishonea vazi hili. Hulipokea kwa Kristo, kisha hulivaa kila siku nyumbani, kazini, na mbele ya watu wanaokumbuka alivyokuwa.

Biblia haisimulii mlango ulivyofunguliwa siku ile. Waraka unaishia Onesimo akiwa nje, na Filemoni akiwa na barua mkononi. Kila msomaji anajikuta amesimama upande mmoja wa mlango huo, na wengine pande zote mbili.

Tafakari: Je, yuko mtu ambaye bado hujarudi kwake kutengeneza ulichoharibu? Au yuko aliyerudi kwako, nawe ungali unamwita kwa makosa yake ya zamani? Ni hatua gani moja utakayochukua kabla ya Sabato kuingia?

__________________________________________