UKUTA NI MMOJA

Andiko: Nehemia 3:1-32 na 4:15-20



Sura ya tatu ya Nehemia ni ile ambayo wengi wetu, tukiifikia kwenye mpango wa kusoma Biblia mwaka mzima, tunairuka. Ni majina tu! Fulani mwana wa fulani akajenga, baada yake fulani, na baada ya huyo mwingine tena. Lakini ukiisoma polepole utaona mambo mawili. Kwanza, baadhi yao walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Pili, kila sehemu ilishikana na sehemu ya jirani. Ukuta haujali wewe umejenga kwako vizuri namna gani. Kukiwa na pengo kwa jirani, adui ataingilia hapo, na atafika hata kwako.

Leo nataka tuangalie ukuta ulio katika mitaa yetu hii ya Eastlands. Nazungumza juu ya watoto wenye usonji, ile hali wengi tunaiita otizimu, na wazazi wanaowalea.

Usonji si homa, wala hauambukizi. Ni tofauti katika jinsi ubongo unavyokua, na mtoto anazaliwa nayo. Kuna anayechelewa kuongea, na kuna asiyeongea kabisa. Kuna anayepanga vifuniko vya soda kwa mstari kutwa nzima, na ukisogeza kimoja analia kama amechomwa. Kuna ambaye sauti ya kawaida kwako, kwake ni kama msumari sikioni. Na kuna wanaoongea vizuri, wasomi kabisa, lakini wanachoka sana wakiwa katikati ya watu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 karibu mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Sasa piga hesabu. Kanisa lenye watu 500 si ajabu liwe na watatu au wanne. Mbona basi hatuwaoni hapa Jumapili?

Nitakwambia waliko. Wako nyumbani, na mlango umefungwa.

Mama ameshafukuzwa ploti mbili kwa sababu mtoto anapiga kelele usiku. Akipanda matatu ya kwenda tauni, muziki umefunguliwa mpaka viti vinatetemeka, mtoto anajitupa chini, kondakta anasema, "Mathe, shuka na huyo mtoto." Kazi ya kufua nguo za watu ameiacha kwa sababu hakuna wa kumwachia mtoto. Baba wengine wanavumilia pamoja na mama, Mungu awabariki. Wengine wameondoka na kusema kwao hakuna damu ya namna hiyo.

Halafu mama huyo anakuja kanisani, na sisi tunamwambia ni pepo.

Wapendwa, hapa nataka mnisikie vizuri. Mimi ni mhubiri wa Kipentekoste. Naamini Mungu anaponya, na sitaacha kuwaombea watoto. Lakini usonji si pepo, si laana ya ukoo, na si malipo ya dhambi ya mama. Katika Yohana 9, wanafunzi walimwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake. Yesu aliikataa hesabu yote hiyo. Si yeye, si wazazi. Basi tusimshike mtoto kichwa kwa nguvu na kumpigia kelele masikioni, na huku kelele ndiyo inayomtesa. Na mtu akikuambia utoe mbegu ya pesa ndipo mtoto aongee, hiyo pesa weka. Ni ya nauli ya kumpeleka akapimwe.

Sasa turudi kwa Nehemia. Nimeketi na wazazi wa watoto hawa katika mitaa yetu. Kayole kuna akina mama wachache wanaokutana sebuleni kwa mmoja wao. Umoja kuna wengine wana chama kidogo cha kuweka akiba. Dandora wengine wanaachiana watoto kwa zamu ili kila mtu apate siku ya kwenda kibarua. Hawa wanajenga mbele ya nyumba zao, na hiyo ni kazi nzuri. Lakini kila kikundi kiko peke yake. Umoja hawajui Kayole wamemjua mwalimu mzuri. Dandora hawajui kwamba Umoja kuna mama aliyepitia safari yote ya kusajili mtoto kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na anajua kila karatasi inayotakiwa hospitalini.

Mtaalamu wa tiba ya usemi akiitwa na wazazi watatu, gharama inawavunja mgongo. Akija akute watoto kumi na watano wa mitaa mitatu katika ukumbi mmoja, wanagawana. Mama mmoja akienda Kasarani, pale chuo cha KISE, kutafuta mtoto apimwe, anaenda na hofu. Wakienda wanane, wanashikana mikono.

Na si ndoto. Mwaka 2003 wazazi wa hapa Kenya walikaa pamoja wakaanzisha Autism Society of Kenya, na mwaka huohuo kitengo cha watoto wenye usonji kikaanza katika shule ya City Primary, pale Ngara. Shule ya serikali! Wazazi walioshikana ndio waliosukuma mlango huo. Na leo Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa utu wake na ya kupata elimu. Lakini haki iliyo kwenye karatasi inahitaji watu wa kuidai, na mtu mmoja akidai anaambiwa arudi kesho.

Kuna jambo lingine zito zaidi. Katika sura ya nne Nehemia anawaambia wajenzi kwamba kazi ni kubwa na wametawanyika mbali mbali ukutani, hivyo popote watakaposikia tarumbeta wakimbilie hapo. Kwa nini tarumbeta? Kwa sababu hatari haipigi hodi.

Watoto wengi wenye usonji hutoroka. Lango likiachwa wazi dakika moja, mtoto ameenda. Anatoka Dandora, anavuka, anafika Kariobangi, na hawezi kusema jina lake wala la mama yake. Outer Ring Road magari hayamngojei mtu. Na akiwa ni kijana wa miaka kumi na sita, mrefu, ana ndevu zinazoanza, akafungua lango la mtu asiyemjua kwa sababu ameona mfereji wa maji anaoupenda, mnajua mitaa yetu. Mtu mmoja akipaza sauti, "Mwizi!", kijana hana maneno ya kujitetea. Mawe yanafika kabla ya maswali.

Hapo ndipo tarumbeta inahitajika. Kikundi cha Dandora kikiwa na namba za simu za Kariobangi, Kayole na Umoja, picha ya mtoto inafika mitaa minne kwa dakika tano, na kuna mama katika kila mtaa wa kutoka nje na kusema, "Huyo si mwizi, huyo ni mtoto wetu." Maneno hayo yanaweza kuokoa maisha. Lakini ni lazima tuwe tumejuana kabla ya siku hiyo.

Je, kanisa lina sehemu gani? Mstari wa kwanza kabisa wa sura ya tatu unasema kuhani mkuu Eliashibu na makuhani wenzake ndio walioinuka wakajenga Lango la Kondoo. Watumishi wa Mungu walishika mawe kwa mikono yao. Halafu mstari wa tano unatuambia wakuu wa Watekoa walikataa kuinamisha shingo zao kwa kazi hiyo. Watu wao walijenga, tena mstari wa 27 unasema walijenga hata sehemu ya pili, lakini wakuu walijiona wakubwa mno. Imeandikwa, na mpaka leo tunaisoma! Wachungaji wenzangu, mzee wa kanisa, kiongozi wa seli, usikubali jina lako lisomwe hivyo.

Na mama unayelea peke yako, tazama mstari wa 12. Shalumu alijenga yeye na binti zake. Biblia haikuwasahau wasichana wale waliobeba mawe. Hata wewe hujasahauliwa.

Kwa hiyo tunafanya haya. Ukumbi wa shule ya Jumapili utakuwa wazi Jumamosi mchana kwa vikundi vya wazazi wa mtaa wowote, wa kanisa lolote, na hata asiye wa kanisa. Chumba cha nyuma kitakuwa cha mtoto anayehitaji utulivu wakati wa ibada, na spika iliyokielekea itageuzwa. Wahudumu wa mlangoni, mtoto akipiga kelele katikati ya mahubiri, usimtoe mama nje. Mwulize, "Mama, nikusaidie nini?" Mimi nitaendelea kuhubiri. Sauti ya mtoto haimfukuzi Roho Mtakatifu.

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa watoto hawa uliowaumba kwa mkono wako. Wape wazazi nguvu za usiku na riziki za mchana. Wape majirani upole. Walinde wanaopotea njia. Na sisi kanisa, tuinamishe shingo zetu kwa kazi hii. Katika jina la Yesu, amina.

MASWALI YA SELI WIKI HII
1. Katika ploti au jengo lako, ni familia gani inayolea mtoto wa namna hii? Unajua jina la mtoto huyo?
2. Mpe mama au baba huyo saa mbili wiki hii. Kaa na mtoto, yeye apumzike au aende sokoni.
3. Je, seli yetu na seli ya mtaa jirani zinaweza kubadilishana namba za simu ili mtoto akipotea tukimbie pamoja?